HTTPS Kupitia Proksi: Jua Imefia Wapi Kabla ya Kugusa Msimbo

Malalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale: "Kaka, hebu nisaidie. Nikiwasha intaneti ya simu, programu inafanya kazi. Nikirudi kwenye mtandao wa ofisi inagoma, na Chrome inafungua kila kitu!" Anayeuliza anaweza kuwa kijana anayetengeneza mfumo wa kupokea wageni wa kampuni ya safari pale Njiro, au mtu wa takwimu huko Moshi anayetaka ripoti ifike kwenye seva iliyo nje ya nchi. Wote wawili wako ndani ya mtandao ambao haumruhusu mtu kutoka moja kwa moja. Mlango ni mmoja, yaani proksi, na kila kinachotoka hupitia hapo.

Mara nyingi msimbo wa kazi yenyewe hauna kosa. Safari ya HTTPS kupitia proksi ina hatua kadhaa, na kila hatua ikifa hufa kwa namna yake. Ukishajua imefia wapi, nusu ya kazi umeimaliza.

Kinachotokea nyuma ya pazia

Kwa HTTP isiyosimbwa, programu huikabidhi proksi anwani nzima, nayo ikaenda kuchukua ukurasa. Kwa HTTPS haiwezi kuwa hivyo, maana proksi haitakiwi kuona kilichomo ndani. Kwa hiyo programu hufungua muunganisho wa TCP na proksi, kisha huandika maneno haya wazi, bila kuyasimba:

```
CONNECT example.com:443 HTTP/1.1
Host: example.com:443
```

Proksi ikikubali, yenyewe hutafuta anwani ya IP ya seva hiyo, hufungua muunganisho nayo, hujibu 200 na mstari mtupu, na kuanzia hapo kazi yake ni kupitisha baiti huku na huku. Ni kama kumwomba mlinzi wa getini akupigie simu ya ndani mpaka ofisi fulani: akishaunganishwa anakuachia mkonga, na mtakayozungumza hayamhusu. Salamu za TLS, yaani usimbaji unaolinda HTTPS, huanza baada ya jibu la 200, kati ya programu yako na seva ya mwisho. Proksi hubaki ikijua jina la seva, poti, wingi wa baiti na muda uliotumika. Njia uliyoomba ndani ya seva, neno la siri na namba ya pasipoti ya mgeni haivioni.

Hivyo kuna mahali panne pa kufia: kuifikia proksi, kukubaliwa na proksi, proksi kuifikia seva, na TLS yenyewe. Ukivuka yote manne halafu seva ikakujibu 401 au 404, hilo ni la kwako na seva, usimsumbue mtu wa mtandao.

Pima kwanza kwa curl

curl ni programu ya kutuma maombi ya HTTP kwa mstari wa amri. Kabla ya kufungua faili lolote la msimbo, endesha hii kwenye mashine ileile inayogoma, kwa mtumiaji yuleyule anayeendesha programu:

```
curl -v -x http://10.10.0.5:3128 https://example.com/ -o /dev/null
```

Anwani weka ya proksi ya kwenu. Poti 3128 ni ile ambayo Squid, programu ya proksi, huja nayo. Ofisi nyingine hutumia 8080. Sasa soma mistari inayojitokeza. Usipouona mstari wa CONNECT kabisa, na curl ikaishia na namba 5 au 7, hujaifikia proksi: jina lake halikupatikana, au poti imefungwa. Ukiuona CONNECT halafu jibu likawa 407, 403 au 503, ni proksi iliyokukatalia au iliyoshindwa kufika mbele. Ukiona 200 na baada yake kosa namba 35 au 60, uko kwenye TLS. Na kama curl imepita salama lakini programu yako bado inagoma, programu yako haitumii proksi kama curl ilivyoitumia. Hiyo ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote, kwa hiyo tuanze nayo.

Dalili: `getaddrinfo ENOTFOUND`, au inasubiri mpaka muda unaisha

Kosa la jina la seva kutopatikana linasema mengi. Kwa CONNECT, anayetafuta jina ni proksi. Programu yako ikilalamika kwamba imeshindwa kulitafuta jina la seva ya mwisho, maana yake imejaribu kwenda yenyewe, proksi haikuhusishwa. Usianze kuhangaika na DNS, yaani huduma ya kutafuta anwani ya IP kwa jina. Kwenye mitandao kama hii `nslookup` inaweza kushindwa siku nzima na HTTPS ikafanya kazi bila tatizo.

Kwa nini Chrome inafungua? Kwa sababu inasoma mipangilio ya Windows, na mara nyingi mipangilio hiyo inaelekeza kwenye faili la PAC, ambalo ni msimbo mdogo wa JavaScript wenye kazi moja iitwayo `FindProxyForURL`. Maktaba nyingi za programu haziwezi kuusoma. Lifungue faili hilo kwa macho, tafuta neno `PROXY` na anwani inayolifuata, kisha uiweke mwenyewe:

```
export https_proxy=http://10.10.0.5:3128
export http_proxy=http://10.10.0.5:3128
export no_proxy=localhost,127.0.0.1,.ofisi.local
```

Herufi ndogo si urembo. curl inakataa `HTTP_PROXY` ya herufi kubwa kwa makusudi: kwenye seva za CGI (mfumo wa zamani wa kuendesha programu za tovuti), mtu wa nje akituma kichwa kiitwacho `Proxy`, hugeuka kuwa kigeu cha mazingira chenye jina hilohilo, na udhaifu huo ulizua kelele kubwa mwaka 2016. `https_proxy` inakubalika kwa herufi zote mbili, lakini zoea ndogo utakuwa salama.

Vigeu hivi vya mazingira vina tabia ya kupotea njiani. `sudo` huvifuta usipoweka `-E`. Kazi za cron hazivioni mpaka uviandike juu ya faili la crontab. Huduma ya systemd huanza bila hata kimoja, hivyo vinatakiwa viandikwe kwa `systemctl edit` kwenye mstari wa `Environment=`. Kontena la Docker nalo lina ulimwengu wake. Ukisikia "nikiendesha kwa mkono inafanya kazi, ikijiendesha usiku inagoma," angalia hapa kwanza.

Kila lugha ina ukaidi wake pia. Java haisomi vigeu hivyo, inataka `-Dhttps.proxyHost` na `-Dhttps.proxyPort`, na orodha ya seva zisizopitia proksi inaitwa `http.nonProxyHosts` hata kwa HTTPS, ikitenganishwa kwa alama ya `|` badala ya mkato. Go husoma vigeu vizuri, ila ukijitengenezea `http.Transport` yako na kusahau kuweka `Proxy: http.ProxyFromEnvironment`, umeitoa proksi bila kujua. Kwenye Node, `fetch` iliyojengewa ndani iliishi miaka mingi bila kuangalia kigeu chochote cha proksi; kuanzia Node 24 kuna `NODE_USE_ENV_PROXY=1`, na kwa matoleo ya nyuma hutumika `ProxyAgent` ya undici. Wa axios, maktaba ya HTTP ya Node, mkiona proksi inapokea `GET` badala ya `CONNECT`, wekeni `proxy: false` na mpitishe wakala kutoka `https-proxy-agent` kwenye `httpsAgent`.

Kwa Python, `requests` husoma mazingira kwa ukarimu kupita kiasi: ukiweka `session.proxies` na wakati huohuo kuna kigeu cha mazingira, cha mazingira kinashinda. Weka `session.trust_env = False` ukitaka lako lisikilizwe.

Dalili: `wrong version number`

Ujumbe huu wa OpenSSL unatisha bure. Watu huanza kubadilisha matoleo ya TLS, wengine hupandisha mfumo mzima, kumbe ni herufi moja tu. Angalia `https_proxy` imeandikwaje. Kama ni `https://10.10.0.5:3128`, ondoa `s`.

Jina la kigeu linahusu kule unakokwenda. Ile `http://` iliyo ndani ya thamani yake inahusu namna ya kuongea na proksi yenyewe. Proksi nyingi za maofisini husikiliza wazi. Ukiandika `https://`, maktaba inaanza salamu za TLS na proksi, proksi inajibu kwa maandishi ya kawaida ya HTTP, na OpenSSL ikiyasoma yale maandishi kama namba ya toleo inaona takataka. Jambo hili lilijitokeza kwa wingi urllib3, maktaba ya Python ambayo `requests` huitegemea, ilipofika toleo 1.26. Kabla ya hapo ilikuwa inaipuuza ile `s`, kwa hiyo mipangilio mibovu ya miaka ilikuwa ikifanya kazi, halafu ikaacha ghafla baada ya mtu kusasisha maktaba zake.

Dalili: 407

Proksi inataka ujitambulishe. Kama umeshaweka jina na neno la siri ndani ya anwani, `http://jina:neno@10.10.0.5:3128`, na bado inakataa, tazama neno la siri lina alama gani. `@` lazima iandikwe `%40`, `#` iwe `%23`, `:` iwe `%3A`, na `/` iwe `%2F`. Neno la siri kama `Meru@2025` hukata anwani katikati, na maktaba ikaenda kutafuta proksi iitwayo `2025@10.10.0.5`, au kitu kingine cha ajabu zaidi kutegemea nani anaisoma.

Ukishahakikisha hilo, soma kichwa cha `Proxy-Authenticate` kwenye jibu la curl. Kikisema `Basic`, mambo ni mepesi. Kikisema `NTLM` au `Negotiate` peke yake, ambazo ni njia za kujitambulisha za mitandao ya Windows, `requests` na maktaba nyingi haziwezi bila nyongeza. Jaribu `curl --proxy-ntlm` au `--proxy-negotiate`. Ikipita, njia isiyo na maumivu ni kuweka kwenye mashine programu ndogo kama Cntlm au Px, inayopokea maombi ya kawaida kwenye `127.0.0.1` na kubeba mzigo wa kujitambulisha kwa niaba yako.

Java ina mtego mwingine hapa. Tangu toleo 8u111 la Oktoba 2016, imezima `Basic` kwenye handaki la HTTPS, yaani ile njia inayofunguliwa na CONNECT. Utaona `Unable to tunnel through proxy` pamoja na 407 hata kama neno la siri ni sahihi kabisa. Hufunguliwa kwa `-Djdk.http.auth.tunneling.disabledSchemes=""`. Sababu ya kuzimwa ni ya kweli: `Basic` ni Base64 tu, haijasimbwa, na kwa kuwa mazungumzo na proksi yako wazi, yeyote anayenusa mtandao wa ofisi analisoma neno la siri. Omba akaunti ya huduma isiyofungua kitu kingine chochote. Usitumie ile unayofungulia barua pepe.

Na kama `requests` yenu ni ya chini ya 2.31.0, isasisheni leo. Matoleo ya nyuma yangeweza, ikitokea seva imekuelekeza kwenye anwani nyingine ya HTTPS, kuipelekea seva hiyo ya mwisho kichwa cha `Proxy-Authorization`, yaani neno la siri la proksi yenu mikononi mwa mtu wa nje.

Dalili: 403 au 503 kabla ya TLS

403 ni sheria. Tazama poti kwanza: faili la kawaida la Squid huruhusu CONNECT kwenda poti 443 na kukataa nyingine, kwa mstari wa `http_access deny CONNECT !SSL_ports`. Huduma za majaribio za malipo hupenda kukaa kwenye 8443 au namba nyingine, na hapo hukwama. Kama poti ni 443, basi jina la seva halimo kwenye orodha inayoruhusiwa. Vyote viwili ni vya mtu wa IT. Hakuna msimbo utakaovipita, na usitafute.

503, 502 au 504 maana yake proksi imekukubali ila imeshindwa kufika mbele. Hakikisha jina halina herufi iliyokosewa, na kwamba halijaingia lenye `https://` mbele yake, maana CONNECT inataka jina na poti tu.

Dalili: cheti hakiaminiki

Cheti ni kitambulisho cha seva, kilichotiwa saini na mtoaji. Hapa ndipo madhara makubwa hufanyika, kwa hiyo twende polepole. Ujumbe huwa `unable to get local issuer certificate`, au `PKIX path building failed` kwa watu wa Java, au `x509: certificate signed by unknown authority` kwa watu wa Go. Jibu la haraka ambalo kila mtu analijua ni `verify=False`, na binamu zake `curl -k` na `NODE_TLS_REJECT_UNAUTHORIZED=0`. Usiliweke. Ukiliweka, usimbaji unabaki lakini hujui tena unasimba kwa ajili ya nani. Yeyote aliyekaa katikati anaweza kutoa cheti cha kujichapishia, na programu yako itampa kila kitu huku ikitabasamu. Mfumo unaobeba pasipoti na malipo ya watu wanaokwenda Serengeti hauwezi kuishi hivyo hata kwa wiki ya majaribio, kwa sababu majaribio yana tabia ya kuhamia kwenye kazi halisi bila mtu kurudi kufuta ule mstari.

Badala yake, tazama nani ametoa cheti unachoonyeshwa:

```
openssl s_client -proxy 10.10.0.5:3128 -connect example.com:443 \
  -servername example.com -showcerts </dev/null
```

Kwenye mistari inayoanza na `i:` kuna jina la mtoaji. Kuna majibu mawili yanayojirudia.

La kwanza: mtoaji ni jina la ofisi yenu au la kampuni inayotengeneza fayawoli. Basi mtandao wenu unafungua TLS katikati, unakagua, na kuisimba upya kwa cheti chake. Yale niliyosema kuhusu mlinzi kuachia mkonga hapa hayapo tena. Kompyuta za ofisi ziliwekewa cheti mama cha fayawoli, yaani kile kinachothibitisha vyeti vingine, kwenye hazina ya vyeti ya Windows, ndiyo maana Chrome haijalalamika. Muombe mtu wa IT akupe cheti hicho mkononi, na mlinganishe alama yake ya utambulisho. Usichukue kile ulichokiona kwenye `s_client` na kukiamini, maana hicho ndicho hasa unachokitilia shaka. Kikiwa cha muundo wa DER kigeuze kwa `openssl x509 -inform der -in ofisi.cer -out ofisi.crt`.

Kisha kiweke panapohusika. Kwenye Ubuntu, kitie `/usr/local/share/ca-certificates/`, jina liishie na `.crt`, na uendeshe `sudo update-ca-certificates`. Hapo curl na Go vitaridhika. Python yenye `requests` haitaridhika, kwa kuwa hubeba hazina yake ya certifi; ielekeze kwa `REQUESTS_CA_BUNDLE=/etc/ssl/certs/ca-certificates.crt`. Angalia kwamba nimeelekeza kwenye faili zima. Kigeu hiki kinabadilisha hazina nzima, hakiongezi, kwa hiyo ukikielekeza kwenye cheti cha ofisi peke yake, siku utakapofanya kazi nyumbani hakuna seva itakayoaminika. `NODE_EXTRA_CA_CERTS` ya Node huongeza, hiyo haina shida. Java hutumia `keytool -importcert -cacerts`, na neno la siri la hazina, kama hakuna aliyelibadilisha, ni `changeit`. PHP ina `curl.cainfo` na `openssl.cafile` ndani ya php.ini.

Ukihamia Python 3.13 na cheti cha ofisi kikakataliwa ghafla kwa maneno `Missing Authority Key Identifier`, hujaharibu kitu. `ssl.create_default_context` ya toleo hilo inakagua kwa ukali zaidi, na vyeti mama vingi vya fayawoli vilitengenezwa kizembe. Dawa ya kweli ni ofisi kutoa cheti kipya.

Pia kuna seva ambazo ukaguzi huu hauwezi kupatana nazo kamwe. Benki au huduma ya malipo inayodai na wewe uonyeshe cheti chako cha mteja haitaunganishwa kupitia fayawoli inayofungua TLS, kwa sababu fayawoli haina ufunguo wako wa siri. Kadhalika programu iliyofungiwa kukubali cheti kimoja maalumu. Omba jina la seva hiyo liwekwe kwenye orodha ya zisizokaguliwa. Ni ombi la kawaida, si upendeleo.

Jibu la pili: mtoaji ni wa kawaida kabisa, anayejulikana duniani, na bado cheti hakiaminiki. Huenda seva haikutuma cheti cha kati, kinachounganisha chake na cheti mama. Chrome hujitafutia kilichokosekana, curl na Python hazifanyi hivyo, na ndipo kauli ya "mbona kwenye kivinjari inafungua" inapopoteza watu. Mwenye seva ndiye wa kurekebisha. Au hazina yako imezeeka: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha DST Root CA X3 kilipoisha muda, mashine zenye OpenSSL 1.0.2 ziliacha kuamini tovuti za Let's Encrypt ingawa tovuti zenyewe zilikuwa nzima.

Dalili: `certificate is not yet valid`

Saa ya mashine. Umeme umekatika, betri ndogo ya CR2032 kwenye kompyuta ilishakufa zamani, na mashine imeamka ikidhani ni mwaka mwingine. Raspberry Pi nyingi hazina hata hiyo betri.

Kinachofanya tatizo hili lijirudie nyuma ya proksi ni kwamba mashine husahihisha saa kwa NTP, nayo husafiri kwa UDP poti 123. CONNECT hubeba TCP tu. Kwa hiyo mashine ina HTTPS na bado haina njia ya kujua saa. Uliza kama ofisi ina seva ya NTP ya ndani, uiandike kwenye mipangilio, na betri utaipata kwenye duka lolote la saa mjini. Hakikisha kwa `date -u`, ambayo lazima iwe nyuma ya saa ya simu yako kwa masaa matatu. Kama zinalingana, mtu aliiweka saa kwa mkono akasahau ukanda wa saa.

Dalili: 200 imepatikana, kisha kimya

CONNECT imekubaliwa, programu imetuma salamu ya kwanza ya TLS, halafu hakuna jibu wala kosa. Hili lina sababu mbili ninazozifahamu vizuri.

Ya kwanza ni ukubwa wa pakiti. Tuseme proksi iko makao makuu Arusha na tawi liko Moshi, kilomita kama 80, wakiunganishwa kwa VPN. VPN hula nafasi ndani ya pakiti, na kama kifaa fulani njiani kinazuia ujumbe wa ICMP, yaani taarifa za makosa ya mtandao, pakiti kubwa hupotea bila taarifa. CONNECT ni fupi, inapita. Vyeti vya seva ni virefu, vinapotea. Ukiwa Moshi jaribu `ping -M do -s 1472 10.10.0.5`. Isipopita, punguza namba mpaka ipite. Jumlisha 28 na hiyo ndiyo MTU halisi ya njia, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Mtu wa mtandao ataweka kikomo cha MSS, yaani kiasi cha data kwenye pakiti ya TCP, kwenye ruta.

Ya pili ni mpya. Go 1.24 na OpenSSL 3.5, vyote vya 2025, huweka kwenye salamu ya kwanza ufunguo wa ML-KEM wa baiti 1184, kwa ajili ya kujikinga na kompyuta za kwantamu. Salamu iliyokuwa ikienea kwenye pakiti moja sasa inahitaji mbili, na vifaa vya zamani vya ukaguzi vinavyotegemea kuipata yote kwa mkupuo mmoja huduwaa. Pima kwa `curl --curves X25519`, au kwa Go `GODEBUG=tlsmlkem=0`. Ikipita, umempata mwenye kosa, na dawa ni kusasisha kifaa. Kuzima ML-KEM ni kwa kusubiria tu.

Dalili: ombi la kwanza linapita, la baada ya chai linakufa

`Connection reset by peer` au `RemoteDisconnected` baada ya kukaa kimya kwa muda. Proksi imefunga handaki lisilotumika, na hifadhi ya miunganisho ya programu yako bado inalidhani liko hai. Punguza muda wa kuhifadhi miunganisho uwe mfupi kuliko wa proksi. Kurudia ombi kiotomatiki ni sawa kwa kusoma; kwa malipo, tuma namba ya kumbukumbu isiyojirudia ili seva itambue ombi la pili ni lilelile, la sivyo mgeni atakatwa mara mbili.

Ukiandika handaki mwenyewe

Kuna mahali maktaba haitoshi na inabidi uandike CONNECT kwa mkono. Msimbo wenyewe ni mfupi:

```python
import socket, ssl

s = socket.create_connection(("10.10.0.5", 3128), timeout=15)
s.sendall(b"CONNECT example.com:443 HTTP/1.1\r\n"
          b"Host: example.com:443\r\n\r\n")

jibu = b""
while b"\r\n\r\n" not in jibu:
    kipande = s.recv(4096)
    if not kipande:
        raise OSError("proksi imefunga kabla ya kujibu")
    jibu += kipande

if jibu.split(b" ", 2)[1] != b"200":
    raise OSError(jibu.split(b"\r\n")[0].decode())

salama = ssl.create_default_context().wrap_socket(
    s, server_hostname="example.com")
```

Soma mpaka mstari mtupu ufike. Hata `recv` moja inaweza kuleta nusu ya jibu, na mabaki yake yakaingia kwenye TLS na kuivuruga. `server_hostname` ni jina la seva ya mwisho. Ukiweka la proksi, ukaguzi wa jina utashindwa, na hapo vishawishi vya kuuzima vitaanza. Vichwa vya siri vya huduma yako, kama `Authorization`, visiingie kwenye CONNECT, maana sehemu hiyo inasomwa wazi.

Unapomwendea mtu wa IT

"Mtandao hausomi" haimsaidii. Mpe IP ya mashine yako, jina na poti ya seva, mstari wa jibu la CONNECT kama ulivyo, na muda. Kwenye muda kuwa mwangalifu. `access.log` ya Squid, kwa muundo wake wa kawaida, huandika sekunde za Unix, na kama proksi inaendeshwa na makao makuu ya nje ya nchi, huko hakuna anayejua saa nne asubuhi ya Arusha ni 07:00 UTC. Andika zote mbili. Mwambie pia atafute `TCP_DENIED/407` au `TCP_DENIED/403` kama ulikataliwa, na `TCP_TUNNEL/200` kama handaki lilifunguka. Na kwamba Squid huandika mstari wa handaki linapofungwa, si linapofunguliwa, hivyo ombi lililoning'inia kwa dakika tano litaonekana kwenye kumbukumbu dakika tano baada ya muda uliompa.